Ekseli ya Njia ya Mama

Shafti ya nyuma ya gari langu ilivunjika tukiwa katikati ya kilima kinachotoka kijitoni kwenda barabara ya changarawe ya murram, mama yangu akiwa amekaa kando yangu, mkoba wake wa kliniki magotini. Sauti ilikuwa kavu na fupi, kama mtu anayevunja bua la mahindi kwa goti. Injini iliendelea kunguruma, lakini ilikuwa inajingurumia yenyewe tu. Mama akanigeukia.

"Hiyo ni yako ama ni ya gari?"

Lilikuwa swali la haki. Siku hizi nikiinuka kitini kuna kitu hulia ndani yangu, na mama, ambaye viungo vyake havijawahi kumtangaza mbele za watu, huwa hafichi kwamba amesikia. Nikamwambia ni ya gari. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyetarajia jibu baya zaidi, akafungua mkoba, akatoa kipande cha mahindi ya kuchoma yaliyokuwa yamepoa, akaanza kula.

Magurudumu ya mbele yalijaribu kutupandisha peke yake. Yalichimba mashimo mawili mazuri kabisa, yakakaa humo. Mwishowe jirani alikuja na trekta akatuvuta hadi juu, lakini kufikia hapo daktari wa moyo alikuwa amemaliza wagonjwa wake na kwenda zake, na mama alirudi nyumbani kwa miguu, polepole, akisimama kila baada ya hatua chache kusalimia watu ambao hawakuwapo. Nilijua ni pumzi anatafuta. Yeye alijua najua.

Mama anaishi ng'ambo ya Ainabkoi, mahali pa viazi, kondoo na ukungu. Dada yangu mkubwa anaishi Eldoret, mtaa wenye lami hadi mlangoni. Alikuwa mwalimu mkuu. Amestaafu shule, hajastaafu ukuu. Jioni ile alinipigia simu.

"Sikiliza," alisema. "Nimenyamaza mwaka mzima. Mama ni mgonjwa wa moyo, na anaishi mahali ambapo mvua ikinyesha hata mbuzi anakataa kupita. Kliniki inayofuata, kama gari yako haitamfikisha, anakuja kwangu. Na si kutembea. Anahamia."

"Yeye amesema nini?"

"Wewe ndio utamwambia."

Mama aliwahi kukaa kwa dada baada ya Krismasi moja. Alipewa chumba chenye pazia zito na televisheni, na chakula kililetwa kwenye trei. Alitumia siku zake akiutazama ukuta wa jirani, na kila asubuhi alipiga simu nyumbani kuuliza hali ya ng'ombe wake, mmoja baada ya mwingine, kwa majina. Alipoulizwa kama amepumzika alisema ndiyo, amepumzika kama maiti. Kwa hiyo nilipoliacha gari mbele ya gereji, likiwa limejikokota hadi huko kwa magurudumu ya mbele, nilijua vizuri kilichokuwa kimevunjika na kilichokuwa karibu kuvunjika.

Fundi wangu ana gereji upande wa viwandani, mjini Eldoret. Ni mtu wa rika langu, mwenye sauti ya mhubiri wa uwanjani na kofia ya sufu ambayo haiondoi hata jua likiwaka. Aliingiza sumaku kwenye bomba la ekseli, akavuta kipande cha shafti, akakiinua juu gereji nzima ikione.

"Bosi, hii gari umeivalisha viatu vya baba yake."

Alikuwa anasema magurudumu. Ni kweli niliyabadilisha nikaweka makubwa. Nilisema wakati ule kwamba ni kwa ajili ya tumbo la gari, lisikwaruzwe na ardhi, na hilo ni kweli. Pia nilipenda lilivyoonekana limesimama nje ya duka langu la vitabu. Gurudumu kubwa huipinda shafti kwa nguvu zaidi, na shafti ya gari langu ilikuwa nyembamba tangu kiwandani. Hiyo ilikuwa ya pili kuvunjika.

"Nikuwekee nyingine kama hii," fundi alisema, "na nikuone tena baada ya mvua mbili. Ama utafute ekseli nzima yenye nguvu. Chagua wewe."

Nikaenda kusoma. Hiyo ndiyo shida yangu: nikipewa tatizo lenye grisi, mimi hulitafutia maandishi. Nilisomea fasihi chuo kikuu, na kwa siku kadhaa nikawasoma madereva wa jangwani na wa misituni wakibishana mtandaoni kwa ukali ambao wahakiki wa mashairi hawaufikii. Nilichojifunza ni hiki. Ekseli ya gari langu ni ya aina ambayo shafti inafanya kazi mbili: inazungusha gurudumu, na pia inabeba uzito wa gari. Ikivunjikia karibu na nje, gurudumu linaweza kuondoka na kuendelea na safari peke yake. Kuna aina nyingine, ambayo mafundi wetu huiita fuloti. Hiyo uzito unabebwa na bomba la ekseli lenyewe, na shafti haina kazi ila kuzungusha. Unafungua bolti za nje, unaichomoa kama mwiko kwenye sufuria, na gari linabaki limesimama.

Nilijifunza pia kwamba ekseli ya nyuma lazima ipatane na ya mbele. Meno ya difu zote mbili, yale yanayozunguka ndani ya tumbo la ekseli, yawe na hesabu moja, la sivyo ukiweka foo-wili, yaani yote manne yavute, magurudumu ya mbele yatataka mwendo mmoja na ya nyuma mwendo mwingine, na gari litavunjika tena, safari hii mahali pabaya zaidi. Na nilijifunza kwamba kinachovunja shafti kilimani si mzigo. Ni gurudumu linalozunguka bure hewani, mguu wako ukiwa umekanyaga mafuta, kisha likashuka ghafla na kukamata jiwe.

Haya yote niliyajua kabla ya kwenda na shemeji mji wa Turbo kutafuta ekseli. Nayasema mapema ili ieleweke kwamba kilichofuata hakikutokana na kukosa elimu.

Shemeji ni mume wa dada yangu. Mchana yuko Soy, analimia watu mashamba kwa trekta zake. Jioni hurudi Eldoret kupokea maagizo. Alijitolea kunisaidia kabla sijamwomba, nami nilidhani ni wema mpaka aliponieleza njiani kwamba chumba ambacho mama angepewa ndicho anachotazamia mpira.

"Mimi mama mkwe nampenda sana," alisema. "Nampenda akiwa kwake."

Kwetu nguvu ya chuma hupimwa kwa magunia. Ukinunua pikapu hakuna atakayekuuliza injini yake ni ya ukubwa gani. Utaulizwa inabeba magunia mangapi. Trela za trekta huundwa kwa ekseli za malori yaliyokufa, na mwanamume akisimama kando ya ekseli husimama vilevile anavyosimama kando ya fahali wa kuuzwa: mkono kiunoni, kichwa upande, mdomo umefungwa. Nimelelewa humo. Chuo kikuu kiliniondolea mambo mengi, lakini hilo hakikuligusa.

Uwanja tulioenda uko kando ya barabara ya Webuye, na humo malori hukatwakatwa na kupangwa kwa viungo kama nyama buchani. Mwenyewe alikuwa mama mmoja mnene mwenye sweta mbili, ameketi kwenye kiti cha dereva kilichong'olewa, anakunywa chai.

"Mzee, unatafuta nini?"

Niligeuka kuona mzee ni nani. Nyuma yangu kulikuwa na ukuta.

"Tunataka ekseli ya nguvu," shemeji akajibu kwa niaba ya mzee. "Ya nyuma. Kuna kilima na matope."

"Gari gani?"

Nikamwonyesha kwa dole gumba, nje ya lango, kwa mazoea tu. Nilikuwa nimekuja na lori dogo la shemeji, kwa hiyo nikalazimika kulieleza langu kwa maneno. Akasikiliza, akaweka kikombe chini, akatupeleka nyuma ya rundo la springi.

"Hii ni ya kabila la gari yako," alisema, akigonga kwa mguu ekseli iliyolala kwenye nyasi. "Imetoka kwa ile ndefu. Ni fuloti. Iko sawa."

Shemeji akaitazama. Mkono kiunoni, kichwa upande.

"Ilikuwa inabeba magunia mangapi?"

"Magunia? Hii haikubeba magunia. Ilikuwa inabeba watalii."

"Ai. Watu wa kukaa wakipiga picha." Shemeji alikuwa tayari anaangalia kwingine. "Na ile?"

Ile ilikuwa ekseli ya lori. Difu yake ilikuwa kama sufuria ya kupikia harusi. Mama mwenye uwanja alituambia ilivyobeba mahindi kutoka Kitale mwaka baada ya mwaka, juu ya magunia wakaongezwa watu, na juu ya watu kuku. Lori lenyewe lilikufa kwa moto wa injini. Ekseli haikujua hata kwamba kuna ajali. Shemeji aliipiga kofi. Ikatoa sauti ya kitu kisicho na wasiwasi.

Niliyajua yote niliyokuwa nimesoma. Nilikumbuka hata kurasa. Lakini nilipoweka kiganja juu ya chuma kile nikaona mama amekaa juu yake salama hadi uzee wake uishe, na wale madereva wa jangwani wakaonekana kama watu wasio na ng'ombe.

"Hiyo," nikasema.

"Mzee amechagua kama mwanaume," mwenye uwanja akasema, akarudi kwa chai yake kabla mtu hajabadilisha nia.

Fundi alipoiona ikishushwa gereji alipiga mluzi. Sitaki mtu adhani alikuwa na busara iliyonizidi; alifurahi kuliko sisi. Aliizunguka, akaipima kwa mikono yake, akatangaza kwamba atakata, atachomelea, na gari litavuta kanisa pamoja na waumini. Kisha tukaisukuma hadi ikalala sambamba na nyuma ya gari. Magurudumu yangekaa nje ya bodi kila upande, kama mtu mfupi aliyebeba mbao ndefu. Difu ilikuwa karibu na ardhi kuliko tulivyotaka kuona.

Fundi akaweka alama ya chaki, akazungusha mkono wa propela, ule unaopokea nguvu ya injini, akatazama gurudumu likisogea. Akaenda mbele ya gari, akafanya vilevile. Akarudi akijifuta chaki kwenye suruali.

"Meno si sawa. Ya lori inazunguka pole sana. Karibu nusu ya hii ya mbele."

"Nilijua," nikasema.

"Ulijua?"

"Nilisoma."

"Ulisoma, halafu ukainunua?"

"Shida iko wapi?" shemeji akauliza. "Si muweke ya lori na mbele?"

"Mzee wangu, ekseli ya mbele ya lori haina difu. Inaenda tu ikifuata."

"Basi toeni hiyo foo-wili. Iende na nyuma peke yake."

"Kwa matope?"

"Trekta si inaenda?"

"Sasa si umnunulie mama trekta!"

Walibishana hivyo mpaka chai ikaletwa, nao wote wawili, kwa namna waliyoipenda, walikuwa bado upande wa ekseli. Fundi alianza kusema juu ya kutafuta difu nyingine na kuibadilisha tumbo. Shemeji alisema anamjua mtu Moi's Bridge. Nami nilianza kuona kwamba tungeweza kukaa hapo hadi mvua iishe, tukiwa na furaha, na mama angekuwa ameshahama. Kliniki ilikuwa wiki iliyofuata.

Asubuhi yake nikaomba nafasi kwenye pikapu ya maziwa ya jirani yake mama, ile inayokuja mjini na madebe na kurudi nayo matupu. Nilikuwa na kazi mbili huko: kumwambia mama masharti ya dada, na kupima njia. Nilianza na ya pili kwa sababu ilikuwa rahisi.

Mama alinikuta nimechutama barabarani na kamba ya katani.

"Unapima shamba? Nani amekufa?"

"Hakuna. Napimia ekseli mpya. Shika hapa."

Akashika. Alikuwa amevaa koti la marehemu baba, mikono imekunjwa mara mbili. Njia ile ina mifereji miwili iliyochimbwa na pikapu ya maziwa na gari langu, miaka na miaka, na katikati kuna tuta lenye nyasi. Ukiwa ndani ya mifereji unapanda. Ukitoka unateleza hadi kwenye miti ya jirani. Nilifunga fundo la upana wa mifereji, nikapima na tuta lilivyoinuka, nikalinganisha na mafundo niliyokuwa nimefunga gereji. Sikuhitaji kupima mara mbili. Magurudumu ya lori yangepanda ukingo, kila moja upande wake, wakati ya mbele yako mferejini. Ile difu ya harusi ingelala juu ya tuta na kulilima kama jembe la kukokotwa, na tungekaa hapo, imara kabisa, hakuna kilichovunjika, mpaka kiangazi.

"Haitoshi?" mama akauliza.

"Ni kubwa sana."

"Ulinunua bila kupima?"

"Tuliambiwa magunia."

Akacheka mpaka akashika kifua, nami nikasimama haraka. Akanipungia mkono nikae. Alipopata pumzi alianza kuizungusha ile kamba kwenye vidole vyake, taratibu, jinsi anavyokunja uzi wa kufuma.

"Sasa niambie. Ni ekseli mnapima, ama ni mimi?"

Nikamwambia. Nilimwambia maneno ya dada kama yalivyokuwa, bila kuyapunguza, na sikumwambia kwamba nilikuwa nimepewa kuyapeleka. Alisikiliza akitazama ng'ombe wake upande wa juu wa ua.

"Na wewe unasemaje?"

"Nasema gari itapanda."

"Sijakuuliza gari."

Ilibidi nifikirie, maana nilikuwa nimeshughulika na chuma hivi kwamba sikuwa nimejiuliza. Nikasema nataka akae kwake. Nikasema pia kwamba siku ile nilimwona akisalimia watu ambao hawako, na sitaki kumwona tena akifanya hivyo.

"Hata mimi sitaki," alisema. "Mnadhani nakataa daktari? Daktari nampenda, ananiita msichana. Nakataa kulala huko." Akanirudishia kamba. "Mwambie dada yako nikishindwa kufika, nitaenda kwake bila kelele. Lakini mkileta gari iwe gari. Msinipandishe kwa mabishano yenu."

Nikateremka na pikapu ya adhuhuri, na mchana huohuo mimi na shemeji tukawa Turbo tena.

"Mmeirudisha?" mama mwenye uwanja akauliza kutoka kitini.

"Hatujarudisha," shemeji akasema kwa heshima yake yote. "Tumekuja kuongeza." Alikuwa ameamua njiani kwamba ile ya lori itakuwa trela yake mpya, na tangu hapo alikuwa akiizungumzia kama aliyekuwa ameipanga tangu mwanzo. "Mzee hapa anataka ile ya watalii."

"Aah. Amekubali kuwa mwepesi."

Nilikubali. Nilipiga magoti kwenye nyasi zilizolowa nikaipima kwa kamba mbele yao, tena bila haraka. Upana uliingia kwenye mafundo, ukazidi kidogo sana, unene wa kidole. Difu ilikuwa ndogo, yenye tumbo la kawaida. Tulizungusha mkono wa propela nami nikahesabu kwa sauti, shemeji akinitazama kama mtu anayemsubiri mgonjwa amalize kuomba. Ilipatana na ya mbele. Ilikuwa na kutu, ilikuwa imelaliwa na kuku, na ndani yake kulikuwa na kile nilichokuwa nimekisoma tangu siku ya kwanza.

Fundi aliipokea bila mluzi. Hakuna anayepigia mluzi kitu kinachotosha. Lakini alipochomoa shafti na kuiweka kando ya ile yetu iliyovunjika, tofauti ilionekana hata kwa shemeji: moja ilikuwa kama kifundo cha mkono, nyingine kama mpini wa kijiko. Aliigonga kwa nyundo ndogo toka mwanzo hadi mwisho, sikio karibu, akitafuta ufa. Akabadilisha beringi na sili za pande zote, akasogeza vishikio vya springi, akatengeneza upya mirija ya breki, na akanionya kwamba handbreki itakuwa ngumu kama moyo wa mtu anayedaiwa. Kazi iliisha siku ya mwisho kabla ya kliniki, mvua ikipiga mabati juu yetu hivi kwamba alinieleza mengine kwa mikono.

Dada alikuja asubuhi ya kliniki kuona mwenyewe. Alikaa kiti cha nyuma, viatu vya kanisani, mkoba mapajani, kama mkaguzi wa wilaya. Ilikuwa imenyesha hadi alfajiri. Kutoka murram tulishuka kilima, tukavuka kijito, tukamkuta mama langoni amevaa kitambaa chake cheupe na kushika mwavuli. Kwenda chini hakupimi chochote. Nililijua hilo, na dada alilijua.

Tukageuza. Nikaweka foo-wili na gea ya chini. Mifereji ilikuwa imejaa maji ya rangi ya chai. Gari liliingia humo likapanda, pole, likiyumba kiunoni. Pale katikati, ambapo shafti ilivunjikia, gurudumu la nyuma la kushoto liliachana na ardhi. Nililisikia likizunguka bure. Mguu wangu ulitaka kukanyaga, nami nikauzuia, nikauacha uwe mzito bila kuongeza. Gurudumu likashuka, likakamata jiwe, gari zima likatikisika kama mtu aliyepigwa bega na mtu mwingine sokoni.

Nikaingoja ile sauti. Niliingoja hadi tulipokuwa tumeshafika murram na kwenda kipande kizuri. Dada ndiye aliyeniambia naweza kubadilisha gea sasa.

Kliniki ilikuwa na watu wengi. Daktari alimwita mama msichana, akamsikiliza kifua kwa muda mrefu kuliko mara nyingine, akabadilisha dawa moja. Dada alimuuliza, kwa sauti yake ya mkutano wa wazazi, kama mtu mwenye moyo kama huu anafaa kuishi mbali na lami. Daktari akasema anafaa kuishi mahali atakapokunywa dawa zake na kutopandwa na hasira. Dada alitutangulia hadi kwenye gari. Sijui alitarajia nini. Mimi nilitarajia daktari atuamulie, na hakuamua.

Tuliporudi kwa mama mchana nilifungua mlango wa nyuma nitoe chumvi ya ng'ombe tuliyomnunulia. Chini ya gunia la chumvi kulikuwa na sanduku la kusafiria, jeusi, la magurudumu. Nililiinua. Lilikuwa tupu. Dada alikuwa amelipakia asubuhi nikiwa naangalia matairi.

Mama alisimama akilitazama. Dada alisimama akiangalia miti.

"Hilo ni la nini?" mama akauliza.

Dada alilishika mpini, akalisimamisha kwa magurudumu yake.

"La viazi," alisema.

"Basi lilete tulijaze."

Tuliingia shambani watatu. Mama alikaa kwenye kigoda akituelekeza matuta ya kuchimba, na dada, mwalimu mkuu mstaafu, akachimba viazi vyenye udongo na kuvipanga kwenye kitambaa cha ndani cha sanduku, kimoja kimoja. Zipu ilikataa kufunga. Tulilibeba wawili hadi kwenye gari, na mama akarudi ndani kunywa dawa yake mpya kwa maziwa, akituambia kwa nyuma tusiendeshe vibaya.

Kilimani dada alishika mpini wa mlango kwa mikono miwili. Tulipofika juu aliuachia, akajifuta matope magotini, akasema kliniki inayofuata atakuja siku moja kabla, alale kwa mama, ili waamke pamoja, nami niwakute wako tayari.

Nikamwambia ni sawa, ila vile viatu aviache mjini.